Uliza Nesi Mstaafu: Mgonjwa hana likizo ya Krismasi

Barua za toleo hili zimekuwa nyingi, na karibu kila moja ina mgonjwa ndani yake. Sishangai. Desemba ndipo watu wanaporudi nyumbani na kumkuta kwa macho yao yule ambaye mwaka mzima kwenye simu waliambiwa "anaendelea vizuri". Nimechagua chache. Majina nimeyaacha kama ilivyo kawaida yetu. Kwa wasomaji wapya: mimi ni muuguzi mstaafu, Mkatoliki, mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), naishi Moshi mjini. Si daktari wala padre, kwa hiyo dozi mtamuuliza daktari na maondoleo ya dhambi mtayafuata kwa padre.

*Shikamoo mama. Nimeolewa Rombo. Mama mkwe alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Mume wangu yuko Dar. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha na kumbadilisha usiku. Wiki ya Krismasi wanakuja wote, mashemeji na wake zao, mawifi, watoto, magari yanajaa uani. Wanachinja, wanapiga picha na mama, tarehe mbili wanaondoka. Mara ya mwisho wifi mkubwa alinikumbatia akaniambia "Mungu atakulipa", nikatamani kumrushia sufuria. Kanisani tunaambiwa Majilio, majuma haya ya kungoja Krismasi, tutengeneze njia, tusafishe mioyo. Moyo wangu umejaa hasira tu. Nikaungame?* — Mkwe wa Rombo

Marahaba, mwanangu. Kuungama nenda, kipindi hiki kinamfaa kila mtu. Ila usiende kuungama uchovu, maana uchovu si dhambi. Ukimwambia padre kwamba una hasira na wifi, bila kumwambia kwamba hujalala usiku mmoja mzima tangu mama aanguke, utakuwa umempa nusu ya habari.

Sasa nisikilize. Kuna safari moja tunayoisoma siku za mwisho za Majilio. Maria ameambiwa na malaika kwamba jamaa yake Elizabeti, mwanamke mtu mzima, ana mimba ya mwezi wa sita. Luka anasema "akaenda hata nchi ya milimani kwa haraka". Mahubiri mengi yanakaa hapo hapo: haraka, salamu, mtoto kuruka tumboni, na ule wimbo. Wachache wanaufikia mstari wa 56 wa sura hiyo ya kwanza, usemao kwamba Maria alikaa naye kadiri ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Luka hatuambii alikuwa akifanya nini humo ndani, lakini mimi nimewahudumia wajawazito waliochelewa, najua kuinama kuchota maji mwezi wa saba kukoje. Na kumbuka Zakaria, mume wa Elizabeti, alikuwa bubu kipindi chote hicho. Yule mama hata wa kupiga naye soga jioni hakuwa naye.

Sisi wa nchi ya milimani ya Kilimanjaro kwa haraka hatujambo. Tangu treni ya Dar mpaka Moshi irudishwe Desemba 2019, hata asiye na gari wala nauli ya basi la kulanguliwa hana kisingizio. Tunakuja na mchele, mafuta, kreti za soda, na mbuzi wa ndafu ameshalipiwa. Tunakwamia kwenye mstari wa 56.

Kwa hiyo mwaka huu usiwaombe shukrani. Waombe Januari, Februari na Machi. Familia yenu bila shaka inakaa kikao baada ya sikukuu, kabla watu hawajaanza kufunga mabegi. Mama awe ajenda ya kwanza, kabla ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na kabla ya michango ya harusi. Andaa karatasi. Andika vitu anavyotumia mama kwa mwezi: pampasi za watu wazima, sabuni, dawa za presha, mafuta ya kupaka, maziwa, gari la kwenda kliniki. Weka na bei za dukani kwenu, kwa sababu watu wanaotaja elfu hamsini kwa sauti kubwa kikaoni hawajui pakiti ya pampasi inauzwaje. Kisha toa karatasi ya pili, yenye majina na wiki. Nani anakuja lini kukaa na mama, hata kama ni kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, ili wewe ukalale kwa mama yako mzazi? Asiyeweza kuja amlipe dada wa kukusaidia, tena kwa simu kila mwisho wa mwezi. Asingoje Krismasi ijayo.

Na aseme mume wako. Akisema mkwe, wataita malalamiko. Akisema mtoto wa kiume wa nyumba, wataita hoja. Si haki, naijua si haki. Lakini mwaka huu tunatafuta usingizi wako kwanza, haki tutaidai ukishalala.

Siku zile wageni wapo, usikubali kuwa mpishi na muuguzi kwa pamoja. Mwite wifi mkubwa chumbani, mfundishe kumgeuza mama. Mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa sababu ngozi ikibanwa muda mrefu kati ya mfupa na godoro inakufa, na kidonda kikishafunguka kinakula miezi. Angalieni pale juu ya makalio, nyonga na visigino. Vitabu vinasema tazama wekundu, lakini kwa ngozi zetu wekundu hauonekani upesi. Tafuta palipokoza weusi, pana joto, au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Wifi ashike zamu ya saa nane usiku. Moja tu inatosha. Lile neno la "Mungu atakulipa" atalisema kwa sauti nyingine.

Kuna hatari nyingine ambayo wageni huileta kwa mapenzi: kumnywesha mama soda au mbege, pombe yetu ya ndizi, akiwa amelala chali. Aliyepata kiharusi mara nyingi hamezi sawasawa, na vya majimaji ndivyo vinavyokimbilia njia ya hewa kuliko vizito. Akae wima, apewe vijiko vidogo, asubiriwe ameze, na akishamaliza abaki ameketi kama nusu saa. Mtori mzito, ndizi zimepondwa na nyama imesagwa, ni salama kwake kuliko supu nyepesi. Mkiona anakohoa kila akimeza, au sauti yake inakuwa ya majimaji, mpelekeni akaonwe, sikukuu au si sikukuu.

Wala asifichwe chumba cha nyuma eti wageni wasione. Asiyeweza kusema hajapoteza masikio. Atolewe uani, avalishwe kitenge chake kizuri, wajukuu wamwamkie mmoja mmoja na wangoje jibu lake hata likichelewa. Mwambie katekista aandike jina lake kwenye orodha ya wanaopelekewa Ekaristi nyumbani, na aandike sasa, maana wiki ya mwisho paroko ana foleni ya vigango, yale makanisa madogo ya parokia.

Hasira yako itapungua ukipata usingizi. Itakayobaki baada ya kulala, hiyo ndiyo ya kumpelekea padre.

*Tumsifu Yesu Kristo. Baba yetu ana saratani ya tezi dume, imefika kwenye mifupa. Hospitali walimpa dawa ya maji ya mofini, ikamtuliza. Baba mdogo, mtu wa kanisa sana, anasema hiyo ni dawa ya kumalizia watu, na kwamba Majilio ni kipindi cha toba, kwa hiyo baba ayatoe maumivu yake kwa Bwana kama Yesu alivyokataa kinywaji msalabani. Chupa ameiweka juu ya kabati. Usiku baba analia. Tunaogopa kumvunjia heshima baba mdogo.* — Watoto wa Mwanza

Milele amina. Chupa ishushwe leo. Kama mnasoma haya usiku, ishushwe usiku huu huu.

Baba mdogo nampa heshima yake, lakini Kanisa lake halisemi hivyo. Mwaka 1957 madaktari wa dawa za usingizi walimpelekea Papa Pius XII swali la namna hii, naye akajibu kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu kwa dawa kali, hata ikitokea dawa ikafupisha siku zake, maadamu hilo silo linalokusudiwa na njia nyingine haipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imelirudia katika namba 2279, na hapo hapo inataja tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa mahututi, kuwa namna ya pekee ya upendo, ya kutiwa moyo. Papa huyo alisema pia kwamba Mkristo anaweza kwa hiari yake kukubali kuumia, hakusema analazimika. Kwa hiari yake! Mtu anatoa sadaka ya maumivu yake mwenyewe. Ya kaka yake hayatoi.

Ni kweli, Marko 15:23 inasema Yesu alipewa mvinyo uliotiwa manemane asiupokee. Nami namuuliza baba mdogo anitafutie mahali pamoja, katika Injili zote nne, ambapo mwenye maumivu alimjia Yesu akaambiwa "vumilia, yatoe sadaka". Mama mkwe wa Petro alikuwa na homa tu, akaponywa. Tena Yesu huyo huyo, karibu kabisa na mwisho, alisema "Naona kiu", wakamnyoshea sifongo yenye siki, akapokea. Yamo katika Yohane 19. Aliomba akapewa, na waliompa walikuwa wasulubishaji wake.

Ile hofu kwamba mofini inaua naijua, nimeishi nayo wodini. Imetokana na kwamba huko nyuma dawa hii ilitolewa siku za mwishomwisho, mgonjwa akifa kesho yake watu wanailaumu chupa. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kuongezwa taratibu, haimmalizi mtu. Tena ile ya maji hufanya kazi kama saa nne hivi, ndiyo maana inatolewa kwa kufuata saa. Mkingoja alie ndipo mumpe, mtakuwa mnayakimbiza maumivu kila siku bila kuyafikia. Choo kitakuwa kigumu, hilo karibu ni hakika, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha tangu mwanzo, na maji na papai kama anaweza kula. Siku za kwanza anaweza kusinzia sana au kuhisi kichefuchefu. Kwa kawaida hupita. Kama haamki mkimwita, au anapumua polepole mno, hapo hospitali mara moja. Kama dozi haimtoshi tena, msiongeze wenyewe wala msiikatishe ghafla, rudini kwa daktari. Muulizeni pia kuhusu mionzi, kwa maana saratani iliyoingia mfupani mara nyingine hutulizwa hata kwa mara moja ya mionzi. Chupa ikae mbali na watoto. Hapo tu ndipo juu ya kabati panafaa.

Juu ya heshima: msibishane na baba mdogo. Nendeni kwa paroko, mwelezeni, aje yeye. Mtu wa kanisa atamsikia padre pale ambapo angewakatalia ninyi. Akija ampe baba Mpako wa Wagonjwa, na msishtuke, siyo sakramenti ya kuaga. Anaweza kuupokea tena hali ikibadilika. Kisha mpeni baba mdogo saa na daftari, awe yeye mtunza ratiba ya dozi. Nimekaa na ndugu wengi wa namna yake. Anampenda kaka yake na amejawa na woga, na akishakuwa na kazi ya kuandika "saa kumi, amepewa" hatakuwa na muda wa kuficha chupa.

*Mama, jumuiya yetu kila Majilio inakwenda hospitali kuona wagonjwa. Tunavaa sare, tunabeba sabuni, sukari na juisi, tunaimba wodini, na tunapiga picha za kutuma kwenye kundi la WhatsApp la parokia ili wengine wahamasike. Mwaka huu dada mmoja kijana amegoma, anasema tunawadhalilisha wagonjwa. Wazee wamemkasirikia. Nani ana haki?* — Katibu wa jumuiya, Dar es Salaam

Huyo dada. Mwambieni na mimi nimesema.

Nimezipokea ziara zenu miaka mingi nikiwa upande wa pili, upande wa kitanda, na nimesikia wagonjwa wanavyosema mkishatoka. Kuna mama khanga imemteleza, mpira wa mkojo unaonekana, na picha imekwenda kwa watu mia mbili asiowajua. Kuna kijana ambaye hata nyumbani hawajui amelazwa wodi gani na kwa nini. Juisi mmemwekea anayengoja upasuaji, asiyeruhusiwa kuonja kitu. Sukari mmempa mwenye kisukari. Mmeimba nyimbo sita, na kitanda cha dirishani kuna mzee Mwislamu mstaarabu aliyewavumilia mpaka mwisho huku mguu unamuuma. Bwana aliposema "hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume" simu zenye kamera hazikuwapo, lakini naona alitulenga sawasawa.

Sisemi msiende. Nendeni, ila wawili watatu kwa siku, bila sare. Siku moja kabla, mmoja wenu amfuate nesi msimamizi wa wodi amuulize swali moja tu: nani hapa hana mtu? Yupo kila wodi. Mara nyingi ni kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, amening'inizwa mguu kwa vyuma wiki na wiki, kwao Kigoma au Lindi. Au bibi aliyeletwa na jirani na jirani akarudi shambani. Vuteni kiti, kaeni, mumuulize anahitaji nini. Mtashangaa. Simu ichajiwe na iwekwe vocha apige kwao. Akatwe kucha. Afuliwe khanga. Kandambili, kwa sababu alizokuja nazo ziliibwa mapokezi. Kama amesharuhusiwa na amekwama kwa sababu ya deni, mtu mmoja mwenye ulimi mzuri aende naye, au kwa niaba yake, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, akaeleze. Wengi hawajui hata kwamba ofisi hiyo ipo.

Halafu kuna wale wanaolala nje ya hospitali juu ya mkeka, ndugu wa wagonjwa. Hao hakuna anayewaimbia. Mmoja wenu akikaa kitandani kwa mgonjwa usiku mmoja ili dada yake akaoge na kulala kwenu Tabata au Kimara, mmefanya jambo ambalo katoni kumi za juisi hazilifanyi.

Na kama jumuiya inataka kwenda kwa wingi na sare zake, ikachangie damu. Umri kuanzia miaka 18, uzito usipungue kilo 50, mwanaume anaweza kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Hiyo inapokelewa kwa makundi, na mkitaka kuimba mkiwa kwenye foleni sina neno.

Kuhusu kuhamasisha: badala ya picha tumeni kwenye kundi ratiba ya zamu, yenye nafasi tupu za kujaza majina, kuanzia wiki hii mpaka wiki ya pili ya Januari, wakati wodi hazina mgeni hata mmoja. Mtawajua waliohamasika.

*Mtoto wetu wa miaka sita alifariki mwezi wa Agosti. Dominika ya tatu ya Majilio padre anavaa rangi ya waridi na tunaambiwa tufurahi. Mke wangu hataki kwenda kanisani. Kila akienda watu wanamwambia Mungu amechuma ua lake zuri. Nimlazimishe?* — Baba wa Iringa

Poleni sana, baba. Usimlazimishe.

Na hao wa maua nawajibu mimi: Mungu hana upungufu wa maua. Jamani wasomaji, lile neno liacheni. Mkiwa hamna la kusema, litajeni jina la mtoto, kisha nyamazeni. Mama aliyefiwa anaogopa zaidi kwamba jina lile halitatamkwa tena.

Hiyo Dominika ya tatu, katika mwaka wa masomo ya Misa unaoitwa A, Injili yake ni ya mtu aliye gerezani. Yohane Mbatizaji, yule yule aliyesimama mtoni akimtangaza Kristo, anatuma wanafunzi wake wakamuulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakumkemea kwa swali hilo. Alituma jibu la vipofu wanaoona na viwete wanaokwenda, na wajumbe walipoondoka akamsifu Yohane mbele ya umati, kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko yeye. Sitakuficha la mwisho: Yohane hakutoka gerezani, Herode alimkata kichwa. Lakini Kanisa limelichukua swali la mfungwa likaliweka katikati ya Dominika ya furaha, na likiwa hapo, mkeo naye ana mahali pa kukaa na swali lake.

Akitaka kwenda, nendeni Misa ya kwanza, mkae nyuma, mtoke kabla ya matangazo, maana ni nje ya mlango ndipo maneno ya maua yanapogawiwa. Asipotaka, nenda wewe, rudi, umsimulie tu nani aliwaulizia. Sikukuu yenyewe panga naye mapema: mtakwenda kaburini au hamtakwenda, mtapokea wageni au mtafunga mlango. Mkilikwepa, siku yenyewe itawapangia.

Na wewe baba, barua yako yote ni ya mkeo. Wewe unalilia wapi? Mtafute mwanaume mmoja unayemwamini, mwambie jina la mtoto wako.

*Taji la Majilio lenye mishumaa minne ni la Biblia au ni mapambo ya Kizungu? Kuna mzee anataka tuliondoe kanisani.* — Mwalimu wa Utoto Mtakatifu, Mbeya

Kwenye Biblia halimo. Ni la Kijerumani, tena la Kilutheri, kwa hiyo mkilipenda mkawashukuru jirani zenu wa KKKT. Mwanateolojia Johann Hinrich Wichern alifungua nyumba ya watoto maskini pale Hamburg mwaka 1833. Watoto, kama walivyo watoto, walimsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Mwaka 1839 akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalijaza mishumaa, midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa myeupe ya Dominika, wakawa wanawasha mmoja mmoja kila siku ili waone wenyewe siku zinavyopungua. Majani mabichi yalikuja baadaye, na sisi Wakatoliki tulilichukua baadaye zaidi.

Mwambieni mzee kwamba lilitengenezewa watoto waliookotwa kwenye umaskini. Kama kwenu linawashwa na mwenyekiti wa parokia huku watoto wa kituo cha yatima wamekaa benchi la mwisho, basi mzee ana hoja, ingawa siyo aliyoitoa. Wapeni wao kiberiti. Mtu mzima asimame karibu na ndoo ya maji, mimi bado ni nesi.

*Mtaani kwetu kuna mlevi anayeomba kila jioni. Nikimpa hela anainywa. Majilio haya nimpe au nisimpe?* — Msomaji, Tanga

Mpe chakula, na ukae naye akile, maana ukimpa akaondoka nacho anaweza kukiuza. Watu walimuuliza Yohane wafanye nini, akajibu: "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo." Hakuongeza "ila asiwe mnywaji". Akikohoa sana, kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke akapimwe kifua kikuu, kipimo ni bure.

*Nimesoma kwenye toleo lililopita kuhusu kuchangia damu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina miaka 20 na kilo 46. Nataka iwe zawadi yangu ya Majilio. Naweza?* — Binti wa Morogoro

Huwezi, mwanangu, na usije ukavaa viatu vizito kwenye mzani, tunawajua. Ngoja ufike 50. Kwa sasa waburute kaka zako wawili wenye vitambi waende kwa niaba yako, uwashike mkono wakiiona sindano, kisha uwanunulie soda.